Landrova Iliyomjua Baba Peke Yake

Baba yangu anaitwa Yotamu. Kwa miaka kumi na sita aliendesha Landrova ya zahanati ya kanisa kijijini kwetu, upande wa Igowole, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuizima kabla ya kuitazama ardhi. Alikuwa anapunguza mwendo, anatoa kichwa dirishani, anachungulia. Akiona mteremko, hata mdogo wa kupeleka maji ya kunawia tu, anasimama hapo, pua ya gari imeelekea chini, anavuta hendibreki, halafu anashuka na jiwe lake na kulisukumiza chini ya gurudumu la mbele.

Jiwe lilikuwa jeusi, lenye vitundu vitundu kama mkate, maana lilitoka kwao Rungwe ambako mawe yako hivyo. Alikuja nalo huku akiwa kijana. Lilikaa ndani ya gari miaka yote, nyuma ya kiti chake, limefungwa gunia ili lisikwaruze bati.

Sababu ya jiwe ni stata. Stata ndiyo inayoamsha injini ukibonyeza kitufe, na ile ya Landrova yetu ilikufa kabla sijaanza kutembea. Mzungu wa misheni aliyekuja na gari hiyo alishaondoka, na baada yake hakuna aliyeitengeneza. Kwa hiyo gari iliwaka kwa njia mbili tu. Ama uiachie iteremke kilima, uingize gia, uachie klachi, injini ishtuke na kuamka. Ama uchomeke hendeli kule mbele na kuizungusha kwa mkono. Watu waliiita Bibi, kwa sababu haikuinuka bila kuinuliwa.

Zahanati ya zamani ilikuwa juu ya kilima, penye mikaratusi. Asubuhi baba akipanda garini, mtu yeyote anayepita alijua la kufanya. Mama mwenye debe la maji alilitua, akavuta jiwe, akalirusha ndani, akalibeba debe lake tena. Bibi aliteremka kimya. Alipofika kwenye kona ya kengele ya kanisa baba aliachia klachi, tukasikia kule nyumbani: ku, ku, kukuru, halafu muungurumo. Mama yangu, Lusia, alikuwa anasema, "Haya, baba yenu kaamka." Ndiyo ilikuwa saa yetu. Nilipokuwa nasoma nilitoka nyumbani kwa mlio huo na sikuchelewa hata siku moja.

Nilisoma mpaka darasa la nne. Mama aliugua, nikabaki kumhudumia, na alipofariki nikabaki tu.

Nirudi kwa Bibi. Siyo kwamba mtu yeyote angeweza kumwamsha. Liberatus, kijana wa kwetu aliyesomea udereva Iringa mjini, alirudi na leseni na miwani ya jua, akaomba ajaribu. Wakamwachia. Aliteremka mpaka kwenye kona, kimya, akapita kanisa, kimya, akaishia bondeni kwenye matete. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Liberatus! Umeenda kuvua samaki?"

"Msemesheni Kinyakyusa! Hiyo gari haijui Kihehe!"

Baba hakucheka sana. Alishuka bondeni, akavuta waya wa choki, ule wa kubana hewa ya injini, nusu kidole, akakanyaga mafuta mara mbili, akasikiliza, wakamsukuma Bibi hatua kumi, akawaka. Mzee wa kanisa mmoja, Filemoni, ambaye alikuwa rafiki wa baba kuliko wote, alimpiga begani akasema, "Yotamu, wewe ukifa tutakuzika na Bibi. Nani atahangaika naye?"

Baba alifurahi. Alilirudia neno hilo nyumbani mara nyingi, "Filemoni kasema nizikwe na Bibi," mpaka mama akamwambia basi, sasa yatosha habari za kuzikwa.

Mwaka sabini na nne tukahamishwa. Vijiji vipya vilipimwa kando ya barabara, nyumba zikapangwa mistari, kila mtu na kiwanja chake. Wapimaji walichagua tambarare kwa sababu kamba zao zinanyooka vizuri. Zahanati nayo ikateremshwa, ikawekwa katikati, karibu na shule. Mahali pazuri, kweli. Mgonjwa hapandi tena kilima.

Lakini siku ya kwanza nilimwona baba akizunguka kijiji kizima na gari ikiwa imewashwa, polepole, kichwa nje. Alizunguka mpaka watoto wakachoka kumfuata. Mwisho alisimama mbele ya zahanati, akazima, akashuka na jiwe. Akaliweka chini ya gurudumu. Halafu akalitazama. Hapakuwa na kitu cha kuzuia. Gari ilikuwa imekaa kama sufuria mezani.

Alijaribu kujenga tuta. Wiki mbili alibeba udongo kwa toroli jioni jioni, akaushindilia kwa miguu. Watu walikuwa na nyumba zao za kuezeka kabla ya mvua, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsaidia. Mvua ya kwanza ikaulainisha, ya pili ikaubeba.

Basi ikawa kusukumwa. Mwanzoni ilikuwa raha, watoto wa shule walitoka mbio, "Bibi! Bibi!", wakaminyana nyuma. Baadaye mwalimu akakataza. Ikabaki gari isukumwe na ndugu za wagonjwa, na wakikosekana watu, hendeli.

Hendeli ina sheria yake. Baba alikuwa anawafundisha hata wasiohitaji kujua. Ukiishika, dole gumba lisizunguke chuma. Liwe upande mmoja na vidole vingine. Injini ikikataa inarudisha hendeli kinyume kwa nguvu, na mkono ukiwa wazi unachomoka tu. Ukiwa umefumbata, unaondoka na chuma. Nilikuwa sijafika hata darasa la kwanza najua hivyo.

Siku ya Lea ilikuwa ya Machi, mwaka sabini na tano. Lea alikuwa mke wa Filemoni. Mimba ya kwanza, baada ya kungoja miaka mingi, na Filemoni hakuwa kijana tena. Asubuhi, kama saa nne, nilikuwa nimempelekea baba uji kazini. Nikamkuta nesi, Mama Severina, amesimama mlangoni anafuta mikono, anamwambia baba kwa sauti ndogo, "Mtoto amekaa vibaya. Hapa siwezi. Apelekwe sasa hivi."

Lea akawekwa nyuma, kwenye godoro. Filemoni akapanda akamshika kichwa. Halafu baba akageuka kutafuta wasukumaji.

Hapakuwa na watu. Ilikuwa siku ya shamba la kijiji, wote walikuwa huko, ng'ambo ya mto, wanaume na wanawake. Kijiji kilikuwa na vizee na kuku. Tulisukuma mimi, Mama Severina na bibi mmoja mwenye fimbo. Filemoni akashuka akasukuma. Kulikuwa na matope. Gari ilisogea kama hatua mbili, ikakaa.

Baba akachomoa hendeli. Akazungusha. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ndani Lea alikuwa halii, alikuwa anaita tu, "Filemoni. Filemoni," kama mtu anayeita aliye chumba cha pili. Filemoni akasema, "Yotamu, ndugu yangu, fanya haraka."

Nilikuwa nimesimama karibu na taa ya mbele. Niliuona mkono wa baba. Dole gumba lilikuwa limezunguka.

Nilitaka kusema. Sikusema. Ilikuwa kitambo kidogo mno, au labda siyo, sijui. Injini ikapiga teke, hendeli ikarudi, nikasikia mlio kama kuni mbichi inapovunjwa gotini. Baba hakupiga kelele. Alikaa kwenye matope akiushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akasema, "Filemoni, zungusha wewe. Usifumbate dole."

Filemoni alizungusha. Hakujua. Gari ilikuwa imeshalewa mafuta. Mwisho akaacha, akakimbia mpaka ng'ambo ya mto akipiga yowe, na wanaume wakaja, wakamfunga Lea kwenye kitanda cha kamba, wakaondoka naye mbio kuelekea kituo cha afya cha Igowole. Hawakufika. Alifia njiani, na mtoto ndani.

Kwenye mazishi baba alisimama nyuma, mkono umefungwa vijiti. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Tangu siku hiyo Filemoni akikutana na baba alisema "Kamwene," na baba akajibu "Kamwene," lakini miguu ya Filemoni haikusimama. Zamani hawa wawili walikuwa wakisalimiana mpaka jua linahama.

Mkono ulipona vibaya. Kiganja kilitazama pembeni, na ngumi haikufunga. Bibi alikaa mbele ya zahanati bila kazi, kuku wakalala chini yake. Baba alienda kila siku hivyo hivyo. Alifungua boneti, akatazama, akafunga. Nyumbani alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto, kitu ambacho mtu mzima wa kwetu anaona haya, kwa hiyo alianza kula peke yake.

Jioni moja aliniambia, "Tuga." Jina langu ni Atuganile, ila yeye ananiita Tuga. "Ingekuwa na stata, ungebonyeza hata wewe."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Hata yule bibi wa fimbo angebonyeza."

"Ndiyo, baba."

Alienda kwenye baraza la wazee wa kanisa kuomba stata. Wakamjibu kwa upole kwamba gari yenyewe ni kuukuu, tusubiri, labda misheni italeta nyingine. Alirudi, akakaa kwenye kigoda, macho yake yakaenda kwenye pembe ya chumba ambako kulikuwa na cherehani ya mama. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Cherehani ile ni ya kuzungusha kwa mkono, mama aliipata kwao, na alipokuwa kitandani aliniambia ni yangu. Nilikuwa nimeanza kushona viraka vya watu, nguo za watoto kidogo. Ilikuwa na tabia yake. Uzi wa chini unakatika usipoinamisha meza kidogo kushoto. Niliweka kipande cha gunzi chini ya mguu wake mmoja.

"Cherehani ya mama yako," baba akasema.

"Chukua, baba," nikasema.

Tulipanda lori la mbao mpaka Iringa, mimi na yeye na cherehani imefungwa kwenye blanketi. Niliipakata njia nzima. Fundi tuliyemfuata alikuwa mtaa wa Mlandege, anaitwa Bujiku, Msukuma. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, na yeye akawaachia ng'ombe akafuata spana. Alikuwa mnene, mcheshi, anaongea na vyuma. Baba alipomweleza gari ni ya mwaka gani, Bujiku alivua kofia.

"Shikamoo gari! Mzee, hiyo ipeleke Kalenga ikae makumbusho na mikuki ya Mkwawa. Unakuja kuitafutia stata?"

"Ndiyo, fundi."

"Stata ya zamani kama yake sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Ndogo, inachoka. Nina hii." Akavuta kutoka chini ya meza stata kubwa, nzito, nyeusi ya grisi, ya Landrova ya juzi juzi iliyopinduka. "Hii ina nguvu ya fahali. Lakini haitaingia hivi hivi. Itabidi tukate, tutoboe, tuweke waya mnene. Na meno ya flaiwili yako yakoje?"

Flaiwili ni gurudumu la chuma nyuma ya injini. Kwenye ukingo wake kuna pete yenye meno, na stata inayauma meno hayo ndiyo injini izunguke. Baba akasema, "Yameliwa. Sehemu mbili."

"Sehemu mbili! Unajua." Bujiku akanigeukia mimi. "Baba yako fundi huyu. Injini kila ikizima inasimamia pale pale, basi stata inauma pale pale miaka yote, meno yanaisha." Akamrudia baba, akautazama ule mkono, akapunguza sauti. "Mzee, nikuulize kitu. Hiyo gari sasa nani anaiwasha?"

"Mimi. Nilikuwa mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na nikishakuwekea hii, hata mke wa mchungaji ataiwasha. Umefikiri hilo?"

Baba alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi. "Ndivyo ninavyotaka, fundi. Halafu gari kuwaka siyo kuiendesha. Bibi anaijua barabara kupitia mimi."

Bujiku akatikisa kichwa tu. Akamwita mkewe, Kashindye, aje aone cherehani tuliyoleta iwe malipo. Nilitaka kumweleza habari ya kuinamisha meza kushoto. Alikaa, akatia kitambaa, akazungusha. Ikashona moja kwa moja, uzi haukukatika, mstari umenyooka kama wa kuchora. "Nzuri sana," akasema, "imezoeshwa vizuri." Nikaweka lile gunzi mfukoni. Nilikuwa nalo, nililibeba nikidhani litahitajika.

Bujiku alikuja kwetu mwezi wa nane, kwenye baridi, akakaa siku tatu. Walitoa viti, wakatoa sakafu, wakavuta gia boksi nyuma mpaka flaiwili ikaonekana. Meno yalikuwa kama alivyosema baba, sehemu mbili zimelainika kama meno ya mbwa mzee. Wakaibeba flaiwili mpaka kwa mhunzi. Pale wakaizungushia makaa, watoto wakavuta mivukuto, pete ikapanuka kwa moto, Bujiku akaigonga ikatoka. Baba akaishika kwa koleo, kwa mkono wake wa kushoto, akaizungusha robo ili meno mazima yaje pale injini inaposimamia, akaiweka. Walimwaga maji? Hapana. Nilidhani watamwaga maji. Baba alisema ukimwaga inapasuka, iache ipoe na ilibane gurudumu lake yenyewe. Tulikaa tukiitazama inapoa kama watu wanaongoja ugali.

Stata nayo ilisumbua. Tundu moja la bolti lilikubali, la pili likakataa, wakatoboa jingine. Tako lake likagusa fremu, baba akakaa na tupa tangu asubuhi mpaka adhuhuri akilikwangua. Kazi ya mikono miwili ile, aliifanya kwa mmoja na nusu. Bujiku alimwambia, "Mzee, niachie." Baba akasema, "Hii niachie mimi."

Siku ya tatu watu walijaa. Filemoni naye alikuja, akasimama mbali kidogo, kwenye ukuta wa zahanati. Waya mnene ukafungwa, betri ikafungwa. Bujiku akampa baba ishara. Baba hakupanda. Akaangaza macho kwenye watu, akamwita Mama Severina.

"Nesi, njoo wewe."

"Mimi? Mzee Yotamu, mimi sijui gari."

"Huhitaji kujua. Kaa hapo. Kitufe hicho. Bonyeza."

Mama Severina alibonyeza kwa kidole kimoja, uso kaugeuza pembeni kama anayewasha baruti. Bibi akaguna mara moja akawaka. Hivi hivi tu. Kwenye tambarare.

Kelele zilizopigwa! Wanawake wakapiga vigelegele. Baba akaizima, akaita mwingine. Akamwita yule bibi wa fimbo, karibu ambebe, akamkalisha, bibi akabonyeza, ikawaka, akauliza, "Nimeiua?" Watu wakacheka. Akaita watoto. Akamwita mke wa mchungaji, Bujiku akacheka mpaka akakohoa. Akamwita Liberatus. "Njoo, mvuvi!" Liberatus akaja bila miwani siku hiyo, akabonyeza, ikawaka, akazunguka nayo shule mara mbili akairudisha vizuri. Kila mmoja baba alimwambia maneno yale yale, "Umeona? Umeona?"

Nilimtazama Filemoni. Alikuja taratibu mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti inayotetemeka, akakaa hivyo.

"Ingekuwa siku ile," Filemoni akasema.

"Ndiyo," baba akasema.

Filemoni akaondoka. Baba akaizima gari, na hakumwita mtu mwingine.

Aliendesha tena, miezi minane. Ile miezi alikuwa mtu. Alienda Igowole, alienda Iringa, alilala akiwa amechoka kwa kazi. Jiwe alikuwa nalo bado, na mara nyingine nilimwona anachungulia ardhi kwa mazoea kabla ya kuzima, halafu anajicheka. Mkono ulimsumbua kwenye kona, usukani wa Bibi ni mzito, na mara moja alikwaruza daraja, akapaka rangi mwenyewe. Wagonjwa walifika. Watoto wawili walizaliwa Igowole ambao wasingezaliwa, na mmoja kapewa jina lake.

Mwezi wa nne mwaka sabini na sita akaitwa na baraza. Nilikuwa nje, nafua vitambaa vya madhabahu, dirisha la ofisi liko wazi. Aliyesema ni Filemoni.

"Mzee Yotamu, kaa. Wewe ni ndugu yetu. Kazi uliyoifanya hakuna asiyeijua."

"Asante."

"Ila mkono wako. Daraja tumeliona. Na siku ile... Zamani tulikuwa hatuna la kufanya, gari ilikuwa inakujua wewe peke yako. Sasa inawaka kwa yeyote. Liberatus ana leseni na ana mikono miwili. Baraza limeona upumzike."

Nilingoja baba aseme kitu. Nilitaka aseme ni nani aliyeiweka hiyo stata, na cherehani ilitoka nyumba gani. Nilikuwa nimeshika kitambaa, maji yanachuruzika miguuni.

"Ni kweli," baba akasema. "Ana mikono miwili."

Nimeufikiria sana uso wa Filemoni alipotoka. Nilitafuta chuki, sikuiona. Ningeiona ingenisaidia. Alikuwa mtu aliyezika mke kwa sababu ya mkono wa mtu mmoja, na hakutaka mwingine azike. Basi.

Baba alimwonyesha Liberatus kila kitu, siku nzima, choki, klachi, mahali pa kumwaga maji ya injini baridi ikizidi. Hendeli akaiacha chini ya kiti, akasema siku moja wataihitaji. Jiwe Liberatus hakulitaka. Baba akaja nalo nyumbani begani, akipita katikati ya kijiji, na waliomwona waliingia ndani ili wasimsalimie. Alilitua karibu na mlango. Ndilo ninalokalia sasa nikiandika.

Zahanati haiko mbali na kwetu, nyumba nane tu. Asubuhi tunakunywa uji, mimi na yeye. Inapokaribia saa moja na nusu anashusha kikombe. Haangalii popote. Kinasikika kitufe, mguno mmoja, Bibi anawaka. Baba anainua kikombe anaendelea.

Juzi ilikuwa baridi kali, ukungu umelala mpaka kwenye paa. Alishusha kikombe. Tukasikia mguno, halafu kimya. Mguno tena, dhaifu, kimya. Baba akasimama. Akachukua koti lake la kazi kwenye msumari, lile lenye grisi kwenye viwiko, akaingiza mkono mzuri, nikamsaidia kuingiza mwingine. Akafunga vifungo vyote. Akafungua mlango akasimama kizingitini, mguu mmoja juu ya jiwe, anangoja mtoto atumwe kumwita. Nilimwona anakikunja na kukikunjua kile kiganja, analiweka dole gumba upande mmoja na vidole vingine.

Mguno wa tatu, Bibi akawaka.

Alisubiri mpaka mlio ukafika barabarani na kupotelea upande wa Igowole. Kisha akafungua vifungo, kimoja kimoja, akalirudisha koti msumarini.

"Uji umepoa, Tuga," akasema.

Nikaurudisha motoni.